Je, Wajua? Milango ya Jehanamu Iko Jirani na Kasongo

Sogea, benchi lina nafasi. Leo tunaongea maji: maji yanayokimbia, yanayoruka, yanayonguruma usiku kucha. Wapo watu duniani wanaopanda ndege mbili tatu na kubeba boti ya mpira au kayaki, wakitafuta tu mto mkali wa kushuka. Sisi wa Kasongo na Kabambare maji hayo tunayo mlangoni. Kaa vizuri, twende!

Mto unaobanwa

Je, wajua kwamba Lualaba, kabla haujafika Kasongo ukiwa umetanda, hupenya kwanza kwenye uchochoro wa mawe? Chini kidogo ya Kongolo, mto mzima hubanwa ndani ya korongo lenye upana wa mita kama 100 tu. Wafaransa wangesema Portes d'Enfer, na ndivyo ramani zinavyoandika mpaka leo: Milango ya Jehanamu!

Kadiria urefu wa korongo hilo. Kilomita kumi? Ishirini? Ni kama mita 800 tu! Mwenye miguu myepesi angeumaliza umbali huo kwa dakika kumi, lakini meli za mtoni zikitoka juu huishia Kongolo.

Sasa linganisha. Tarehe 17 Oktoba 1876 msafiri Henry Morton Stanley alifika mahali Luama unapoingia Lualaba, akaukadiria mto mkubwa kuwa na yadi 1,400, karibu mita 1,280. Maji yale yale yaliyopita kwenye mlango wa mita 100 yamekunjua mabawa zaidi ya mara kumi!

Na nyinyi wa Kabambare, mnaujua mto uliomfikisha hapo? Ni Luama wenu! Unatoka kwenye milima ya magharibi ya Ziwa Tanganyika, na msafara wake ulifuata bonde hilo mpaka Lualaba.

Haya, swali la mtoto wa shule: ukishuka Lualaba kutoka Kasongo, unakwenda upande gani? Kaskazini! Kwenye ramani ya ukutani kidole chako kinapanda juu, lakini maji yanateremka. Ndiyo maana wasafiri wa zamani waliapa kwamba huu ni mto Nili.

David Livingstone alikuwa mmoja wao. Alifika Nyangwe, ukingoni mwa Lualaba, tarehe 29 Machi 1871, akautazama mto, akaandika kwamba una upana wa yadi 3,000. Aliamini maji yale yanakwenda Misri.

Na wajua nani alimsahihisha, na kwa kifaa gani? Verney Lovett Cameron alifika Nyangwe mwaka 1874 na vipimo vya mwinuko. Akagundua kwamba Lualaba pale Nyangwe uko chini ya Nili pale Gondokoro kwa futi kama 500, yaani mita 150 hivi. Maji hayapandi mlima, ndugu yangu.

Basi yanakwenda wapi? Yanavuka Ikweta kwenda kaskazini, yanapinda kama upinde, yanavuka Ikweta tena kurudi kusini, ndipo yanaingia Bahari ya Atlantiki. Ukihesabu tangu chemchemi za Chambeshi kule Zambia, ni kilomita kama 4,700. Mto mmoja, Ikweta mara mbili!

Na ukubwa wake? Mto huu, ambao chini huitwa Kongo, humwaga baharini wastani wa mita za ujazo kama 41,000 kila sekunde. Mita moja ya ujazo ya maji ni tani moja. Piga hesabu: tani 41,000 kabla hujamaliza kusema "Kasongo"!

Maji meupe

Je, wajua kwa nini maji ya maporomoko ni meupe? Si povu la sabuni wala udongo. Ni hewa! Maji yakigonga mawe hujichanganya na mapovu yasiyohesabika, na mwanga ukiyapiga macho yako huona weupe.

Sasa hapa panatisha: maji meupe sana hayakubebi vizuri. Hewa imeyafanya mepesi, kwa hiyo mwili wako unazama zaidi kuliko kwenye maji matulivu. Ndiyo maana mshuka mto hawezi kuachana na jaketi lake la kuelea hata akiogelea kama samaki.

Shika na hii. Kasi ya maji ikiongezeka mara mbili, nguvu inayokusukuma haiongezeki mara mbili. Inaongezeka mara nne! Mto unaokufika magotini unaweza kukubwaga chini kama mbuzi aliyekatiwa kamba.

Wajua kwamba maporomoko yana madaraja kama shule? Daraja la 1 ni maji ya kuchezea. Daraja la 5 ni la mabingwa, na daraja la 6 ni la kuhatarisha maisha. Hakuna daraja la 7!

Lakini ngoja: poromoko lile lile linaweza kupanda daraja au kushuka kwa mvua tu. Huku kwetu kusini mwa Ikweta, kiangazi cha Juni hadi Agosti huyatoa mawe nje kama meno. Mvua zikikolea, mawe yanazama, mawimbi mengine yanafutika, na mapya yanazaliwa mahali ambapo jana palikuwa shwari. Mto mmoja, sura mbili kwa mwaka!

Mto uliofunguka wenyewe

Umewahi kusikia mto uliozibika kisha ukajizibua? Ni Lukuga, jirani yetu wa kusini! Unatoka Ziwa Tanganyika pale Kalemie na kukimbia kilomita kama 320 mpaka Lualaba.

Cameron aliuona Lukuga mwaka 1874, akasema hapa ndipo ziwa linapotokea. Stanley akaja mwaka 1876, akakuta mafunjo na matope yameziba njia. Nani mkweli? Wote wawili!

Maji ya ziwa yaliendelea kupanda nyuma ya kizuizi kile. Halafu, pu! Kizuizi kikavunjika, na msafiri Edward Hore alipofika mwaka 1879 alikuta mto unaokwenda mbio. Katika miaka iliyofuata ziwa lilishuka kwa mita kama 10.

Na ziwa lenyewe si dimbwi, rafiki yangu. Tanganyika lina kina cha mita 1,470, la pili kwa kina duniani. Ziwa lote hilo lina mlango mmoja tu wa kutokea, nao unamwagia Lualaba wetu.

Walioshuka kwanza

Je, wajua kwamba safari maarufu kuliko zote ya kushuka mto huu iliamuliwa kwa kurusha sarafu, huku huku kwetu? Oktoba 1876 Stanley na mwenzake Frank Pocock walirusha rupia: kichwa, wafuate Lualaba kaskazini, mkia, waende Katanga. Ukatoka mkia mara sita mfululizo! Stanley akaipuuza sarafu, akaenda kaskazini.

Aliyempa ulinzi unamjua: Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa aliyetawala kutoka Kasongo. Mkataba wao ulikuwa safari 60 za miguu, kila moja saa 4, kwa dola 5,000. Tippu Tip alirudi kabla mwaka haujaisha, na baadaye akaandika maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili.

Mto huu umebeba machozi pia, na tusiyafiche. Tarehe 15 Julai 1871 wafanyabiashara wenye bunduki waliwapiga risasi watu sokoni Nyangwe, na mamia walikufa, wengi wao wakizama wakikimbilia mitumbwi. Livingstone aliyaona kwa macho yake, na barua zake ziliamsha hasira Uingereza dhidi ya biashara ya watumwa.

Umewahi kuona boti inayokatwa vipande kama mkate? Lady Alice ya Stanley ilikuwa na urefu wa futi 40, mita 12, na iliundwa kwa vipande vya kufungwa na kufunguliwa. Wapagazi waliibeba mabegani kutoka Bagamoyo. Iligusa Lualaba baada ya kutembea karibu nusu ya Afrika kwa miguu ya watu!

Mwisho wa Desemba 1876, Tippu Tip alipogeuka, waliobaki kuendelea na mto walikuwa watu 149. Vyombo vyao? Vilikuwa 23 kwa jumla, karibu vyote mitumbwi ya mti mmoja, ile ile unayoiona leo imefungwa ukingoni.

Na amri zilitolewa kwa lugha gani katikati ya ngurumo ile? Kiswahili! Mabaharia wengi walikuwa watu wa Zanzibar na pwani, na Stanley alisema nao kwa lugha yao. "Vuta!" ilisikika Lualaba kabla ya kayaki ya kwanza ya plastiki kuzaliwa.

Sasa msikilize shujaa wangu mimi. Mshika usukani wa Lady Alice aliitwa Uledi, na Stanley aliandika kwamba aliokoa watu 13 wasizame. Kumi na watatu! Siku hizi mwenye kazi hiyo huvaa kofia ngumu na jaketi. Uledi alivaa ujasiri.

Januari 1877, kwenye maporomoko ya Boyoma, mtumbwi wa Zaidi, mmoja wa watu wa msafara, ulisombwa ukapasuka juu ya jiwe, naye akabaki ameling'ang'ania, maji yakianguka hatua chache mbele yake. Uledi na mwenzake Marzouk wakajitosa na mtumbwi uliofungwa kamba za mitambaachi ya msituni. Kamba zikakatika! Wakaangukia kisiwa cha mawe wote watatu, wakalala hapo usiku kucha katikati ya ngurumo, na asubuhi wakavutwa hadi ukingoni wakiwa hai.

Boyoma hiyo ni poromoko moja? La! Ni saba, yamepangana kwa kilomita kama 100 kati ya Ubundu na Kisangani. Yote pamoja hushuka mita kama 60 tu, lakini ukihesabu wingi wa maji hakuna maporomoko mengi duniani yanayoyafikia.

Je, wajua kwamba pale pale Boyoma ndipo Lualaba unapobadilisha jina? Juu ya maporomoko unaitwa Lualaba, chini yake unaitwa Kongo. Maji hayajui, yanapita tu!

Na Wagenya wa Kisangani je? Wao husimika miti mikubwa ndani ya miamba ya maporomoko, wakaifunga kwa kamba za msituni, wakaning'iniza vikapu vya mbao vyenye umbo la faneli. Mto wenyewe unawamiminia samaki ndani. Wenzao wa mitumbwi walikuwepo hapa Nyangwe pia, Livingstone aliwaandika!

Stanley alitoka Nyangwe tarehe 5 Novemba 1876, akaingia Boma karibu na bahari tarehe 9 Agosti 1877. Miezi tisa, muda wa mama kubeba mimba! Pocock, yule wa sarafu, hakufika. Mto ulimchukua tarehe 3 Juni 1877.

Reli iliyokimbia maji

Je, wajua kwa nini treni inapita Kindu na Kongolo? Kwa sababu ya maporomoko! Meli hazikuweza kupita Milango ya Jehanamu na mawe yaliyo chini yake, basi ikajengwa reli ya kilomita 355, ikafunguliwa mwaka 1911. Mto uligoma, chuma kikauzunguka.

Boyoma nako vivyo hivyo. Reli ya kilomita kama 125 kutoka Kisangani hadi Ubundu ilifunguliwa mwaka 1906. Msafiri wa enzi hizo alipanda meli, akashuka, akapanda treni, akashuka, akapanda meli tena. Mizigo ilijua njia kuliko mwenyewe!

Hii utawasimulia nyumbani: mwaka 1915 Lualaba ulibeba boti mbili za vita za Uingereza, na moja iliitwa Mimi! Ya pili ilikuwa Toutou. Zilisafiri kwa reli kutoka Afrika Kusini, zikavutwa milimani, zikaelea Lualaba kutoka Bukama hadi Kabalo, kisha treni ikazipeleka ziwani kupigana na Wajerumani.

Na urefu wa Mimi? Futi 40, sawasawa na Lady Alice! Tarehe 26 Desemba 1915, siku moja baada ya Krismasi, Waingereza waliiteka meli ya Kijerumani Kingani katika Ziwa Tanganyika.

Kisa hicho kilizaa riwaya, na riwaya ikazaa filamu ya The African Queen ya mwaka 1951, yenye boti kuukuu inayoshuka maji makali. Sehemu yake ilipigwa huku Kongo, kwenye mto Ruiki unaoingia Lualaba karibu na Ubundu. Humphrey Bogart akapata Oscar yake ya pekee. Maji yetu yameshaigiza sinema!

Kayaki, boti za mpira na moyo wa simba

Je, wajua kayaki ilitoka wapi? Kwenye barafu! Wainuiti wa kaskazini ya mbali waliiunda kwa fremu ya mbao au mifupa na ngozi ya sili, wapate kuwinda baharini. Leo kizazi chake kinaruka maporomoko ya Ikweta.

Mpanda kayaki akipinduka, kichwa chini, miguu imebanwa ndani, anafanyaje? Hatoki! Anapiga maji kwa kasia, anazungusha kiuno, na kwa sekunde chache anaibuka amekaa vile vile. Wainuiti walilazimika kuubuni ujuzi huo, maana maji yao huua kwa baridi.

Mwaka 2008 Mwingereza Phil Harwood alishuka mto huu na mtumbwi kuanzia chemchemi za Chambeshi mpaka baharini. Alitumia miezi mitano! Maji ya Kasongo yalikuwa njiani mwake, na safari ile akaiandikia kitabu.

Umesikia habari za Hendri Coetzee wa Afrika Kusini? Mwaka 2004 aliongoza msafara ulioshuka Nili kutoka Jinja, Uganda, hadi Bahari ya Kati kwa zaidi ya miezi minne. Nili nzima hiyo, kwa makasia!

Desemba 2010 akaja kwetu, kwenye Lukuga, na Wamarekani wawili, Ben Stookesberry na Chris Korbulic. Tarehe 7 mamba alimnyakua kutoka kwenye kayaki yake, na hakuonekana tena. Alikuwa na miaka 35. Aliyeyashinda maporomoko hakuchukuliwa na poromoko. Alichukuliwa kwenye maji yaliyotulia.

Kule chini kabisa, Inga, mto Kongo hushuka mita kama 96 katika kilomita chache. Agosti 1985 msafara wa Kifaransa wa boti za mpira, pamoja na mtangazaji wa televisheni Philippe de Dieuleveult, ulipotea hapo. Watu saba!

Lakini mwaka 2011 wanaume wanne walirudi Inga na kayaki: Steve Fisher, Ben Marr, Rush Sturges na Tyler Bradt. Walikuta mawimbi kama nyumba na vizingia vya maji vinavyofunguka na kufunga bila kupiga hodi. Wote wanne walitoka hai!

Je, wajua kwamba kayaki zimesaidia pia sayansi? Chini ya Kinshasa wapiga kasia waliwabebea watafiti vipimo mahali ambapo boti za kawaida zilishindwa. Mto ukaonekana una kina cha zaidi ya mita 200, kuliko mto mwingine wowote unaojulikana. Humo chini anaishi samaki mweupe asiye na macho!

Wenyeji wa mto

Unamjua mbenga? Samaki huyu wa bonde la Kongo hufikia kilo 50, na mdomoni ana meno 32 kama wewe! Tofauti ni kwamba meno yake ni visu, na anapenda maji yanayokimbia.

Na yule kambare wa umeme? Anaishi humu humu, hana waya wala betri, lakini anaweza kupiga volti 350. Umeme wa nyumbani kwako hauzidi volti 240, ukiwepo!

Kiboko anaonekana mvivu, sivyo? Ana uzito wa tani moja na nusu, na nchi kavu anakimbia kilomita 30 kwa saa. Wewe hukimbii hivyo! Mpiga kasia mwenye akili humpa njia ya kurudi kwenye maji yenye kina, maana ukimzibia hapo ndipo anapokasirika.

Kwa majirani

Je, wajua kwamba Jinja, Uganda, watu wamekuwa wakilipa kushuka Nili kwa boti za mpira tangu miaka ya 1990? Pale Bujagali palikuwa na vijana walioruka maporomoko wakiwa wamekumbatia dumu la njano la lita 20 tu! Ndiyo, lile lile la mafuta ya mawese.

Leo usiyatafute maporomoko ya Bujagali. Mwaka 2011 maji ya bwawa la umeme yaliyafunika, na bwawa likazinduliwa mwaka 2012. Mwaka 2019 bwawa la Isimba nalo likameza mengine. Washuka mto walichukua boti zao wakasogea palipobaki.

Kenya je? Nenda Sagana, kwenye mto Tana, kilomita kama 100 kutoka Nairobi. Mto Athi nao una watu wake, lakini lazima wasubiri mvua. Mvua ikichelewa, boti inakaa stoo!

Zambezi ni kinyume chake, sikiliza. Chini ya Victoria Falls, katika korongo la Batoka, maji yakijaa sana safari zinasimamishwa. Utamu wake ni maji yakipungua, tangu Agosti hivi. Boti za mpira zilipita hapo kwa mara ya kwanza mwaka 1981.

Na medali ya kwanza ya Togo katika Olimpiki, unadhani ilikuwa ya mbio au ndondi? Ya kayaki! Benjamin Boukpeti alipata shaba Beijing mwaka 2008 kwenye maji makali, na kwa furaha akalivunja kasia lake vipande viwili mbele ya dunia nzima.

Utajiri usioonekana

Je, wajua kwamba mto usiofungwa umekuwa kitu adimu? Mwaka 2019 wanasayansi waliihesabu mito yote ya dunia inayozidi kilomita 1,000. Inayotiririka huru kwa urefu wake wote ni asilimia 37 tu. Na iliyobaki huru imejazana wapi? Kaskazini ya barafu, Amazon, na bonde la Kongo!

Lualaba una mabwawa kule juu, upande wa Kolwezi. Lakini ukishayavuka, mto unapita Upemba, Kongolo, Kasongo, Kindu, Kisangani na Kinshasa bila ukuta mmoja wa kuukata. Hata umeme wa Inga, uliowashwa tangu mwaka 1972, huchota maji kwenye bonde la pembeni. Mto mkuu unajiendea. Kijiti ukikitupa leo hapa kina ruhusa ya kufika baharini!

Sasa twende ukingoni, nikuonyeshe kusoma bila kitabu. Ukiona maji yamechora V inayoelekeza ncha yake chini mtoni, hapo ni njia, pita. Ukiona V yenye ncha inayotazama juu, usiisogelee: chini ya ncha ile kuna jiwe limejificha. Washuka mto wa dunia nzima hufundishwa alama hizo siku ya kwanza.

Na la mwisho, hili nililiona kwa karibu. Mzee mmoja alikuwa akivusha watu Lualaba wakati wa mvua, mtumbwi umejaa: mama mwenye mawese, kuku wawili, baiskeli. Hakuelekea gati la ng'ambo. Aliupandisha mtumbwi kwa upondo kando ya ukingo, mbali kabisa juu, kisha akaulaza pua yake kwa mshazari dhidi ya mkondo, akashika kasia, akapiga taratibu. Mto wenyewe ukamsaidia kufika ng'ambo, akatua palepale alipotaka, kuku hata hawakulowa.

Je, wajua kwamba mbinu ile ina somo lake kwenye shule za kayaki, na watu hulipa fedha nzuri kufundishwa? Mzee hana cheti. Muulize alijifunza wapi, atanyoosha kasia lake kuelekea majini, kisha atakuuliza kama unavuka au huvuki.